Kutawa kwa Ajili ya Kalamu: Nyumba za Waandishi Mashambani na Swali la Lugha



Timu ya kandanda inapokaribia mchezo mkubwa, hakuna mtu Afrika Mashariki anayeshangaa kusikia kwamba imeingia kambini. Simba na Yanga za Dar es Salaam zimekwenda mara nyingi kujichimbia Unguja au Pemba kabla ya kukutana, na mashabiki huzihesabu siku hizo kuwa sehemu ya kazi, tena sehemu ya kazi inayostahili kugharimiwa. Lakini mwandishi wa Kiswahili akisema kwamba anataka kuondoka nyumbani kwa juma moja ili akaandike hadithi, huenda akaulizwa kwanza kama amegombana na mtu. Mchezaji hujulikana kuwa ana mwili unaohitaji kutayarishwa. Mwandishi hudhaniwa kuwa na kipaji tu, na kipaji, kwa mujibu wa dhana hiyo, hakihitaji chumba, wala chakula, wala mwenzake wa kumsikiliza.

Mhadhara huu unahusu nyumba ambazo zimejengwa, au zimegeuzwa, ili kukidhi haja hiyo: nyumba za mashambani ambamo watu hukaa kwa siku chache pamoja na waandishi wazoefu, wakaandika, wakasomeana na kurejea makwao. Mfano utakaochunguzwa kwa karibu ni wa Uingereza, yaani nyumba za Arvon, kwa sababu desturi zake ni wazi na zina umri wa zaidi ya nusu karne. Lakini swali linaloufanya mfano huo uwe na maana katika ukumbi wa taaluma za Kiswahili si la Kiingereza. Ni hili: kama nyumba ya namna hiyo ingefunguliwa kwa ajili ya watu wanaoandika kwa Kiswahili, je, mlangoni mwake ingeachwa lugha gani, na mezani ingesomwa lugha gani?

Neno na maana zake

Inafaa kuanza na jina, maana Kiswahili si maskini wa maneno ya kujitenga. Kutawa ni kukaa ndani pasipo kuonekana na watu, na kutokana nako lugha imepata mtawa na utawa. Waislamu wana itikafu, hasa katika kumi la mwisho la Ramadhani, ambapo mtu hukaa msikitini na kuziacha shughuli zake za kila siku. Wakatoliki wana mafungo, neno ambalo kwa bahati njema limebeba kwa pamoja kufunga chakula na kufunga mlango. Mjane hukaa eda. Vijana waliingizwa kumbini kwa jando na wanawali wakatiwa unyagoni, wakafundishwa na manyakanga na makungwi mambo yasiyosemwa hadharani.

Katika maneno hayo yote kuna jambo moja linalofanana: anayejitenga hakujichagulia atakachorudi nacho. Dini au mila imekwisha kuamua. Mwandishi anayejitenga hajui atarudi na nini, na yamkini atarudi mikono mitupu. Hata hivyo, kati ya maneno yote hayo, kumbi ndilo lililo karibu zaidi na kinachotendeka katika nyumba za Arvon, kuliko mafungo au itikafu. Kumbini hakuna upweke. Kuna kundi, kuna wakubwa waliotangulia, kuna siri zinazobaki humo humo, na mwisho kuna siku ya kutolewa nje mbele ya watu.

Neno linalotumika zaidi katika ofisi za leo, yaani warsha, limechakaa kwa sababu nyingine. Warsha ilikuwa na asili njema, kwani ni karakana, mahali pa fundi na vifaa vyake. Lakini katika matumizi ya Afrika Mashariki imekuja kumaanisha makabrasha, chai ya saa nne, hotuba ya mgeni rasmi na posho ya siku. Mtu akialikwa warsha huuliza italipa kiasi gani, wala hakosei kuuliza, kwa kuwa ndivyo mambo yalivyopangwa. Katika nyumba ya Arvon mambo ni kinyume: mshiriki ndiye anayelipa, na ada yake hufikia mamia ya pauni, ingawa kuna misaada kwa wasio na uwezo. Tofauti hii ndogo ya fedha hubadili kila kitu. Aliyelipwa kuja hungoja jioni ifike. Aliyelipa huanza kuogopa siku ya Jumatano, anapoona nusu ya juma imekwisha.

Asili ya nyumba

Nyumba za waandishi zina matawi mawili, na mara nyingi huchanganywa. Tawi la kwanza ni la upweke. MacDowell, huko Peterborough katika jimbo la New Hampshire, Marekani, ilianzishwa mwaka 1907 na mtunzi wa muziki Edward MacDowell na mkewe Marian. Kila msanii hupewa kibanda chake msituni, na chakula cha mchana huletwa kwa kikapu na kuachwa mlangoni ili asikatizwe. Yaddo, katika mji wa Saratoga Springs, ilianza kupokea wageni mwaka 1926. Huko hakuna mwalimu. Anayekwenda amekwisha kuwa msanii, na anachopewa ni muda.

Tawi la pili ni la ujirani na uanagenzi, na hapo ndipo ilipo Arvon. Mwaka 1968 washairi wawili wa Kiingereza, John Fairfax na John Moat, waliwachukua vijana wachache wa shule hadi Beaford, katika jimbo la Devon, wakakaa nao siku kadhaa. Walikuwa wamechoshwa na jinsi ushairi ulivyofundishwa darasani, ambako shairi lilikuwa kitu cha kujibia mtihani. Fikira yao ilikuwa nyepesi: kijana aishi nyumba moja na mshairi, amwone akila, akifuta maneno, akikasirika, akianza upya. Ted Hughes alialikwa kuja kuwasomea. Alikuwa na mashaka juu ya jambo hilo zima, lakini alichokiona kwa vijana kilimgeuza, akawa mtetezi mkubwa wa nyumba hizo hadi alipofariki mwaka 1998. Mwaka 1981 waasisi hao wawili walipotoa kitabu chao cha mafunzo, The Way to Write, dibaji iliandikwa na yeye.

Nyumba ya kwanza ya kudumu ilikuwa Totleigh Barton, nyumba kongwe ya shambani yenye paa la makuti ya Kizungu, yaani mabua yaliyofumwa, karibu na kijiji cha Sheepwash. Ya pili, Lumb Bank, ilikuwa mali ya Hughes mwenyewe, naye aliikodisha kwa Arvon mwaka 1975. Hiyo ilikuwa nyumba ya mwenye kiwanda katika karne ya 18. Imekaa juu ya bonde lenye mteremko mkali karibu na Heptonstall, Yorkshire, na chini yake bado yanaonekana mabomoko ya viwanda vya nguo. Baadaye iliongezeka The Hurst, huko Shropshire, iliyokuwa makazi ya mwandishi wa tamthilia John Osborne. Moniack Mhor ya Uskoti nayo ilikuwa katika ukoo huo kwa miaka mingi kabla ya kujitegemea.

Juma moja

Mpango wa juma ni mwepesi kiasi cha kutia shaka. Washiriki, ambao kwa kawaida hawazidi 16, hufika Jumatatu alasiri. Waandishi wawili hukaa nao mpaka mwisho. Asubuhi za siku nne hutumika kwa mazoezi ya pamoja; alasiri kila mtu huandika kivyake, na kwa zamu hukutana ana kwa ana na mmoja wa walimu akiwa na kurasa zake mkononi. Jumanne usiku walimu husoma kazi zao. Jumatano huja mgeni, mwandishi wa tatu, husoma na kuulizwa maswali. Ijumaa usiku husoma washiriki wenyewe. Jumamosi asubuhi watu huondoka.

Mazoezi ya asubuhi hayafanani na somo la fasihi. Mwalimu haelezi nadharia ya mtazamo wala ya mandhari. Huweka kitu mezani, kwa mfano ufunguo mkuukuu, au husema maneno machache ya kuanzia, na kuwapa watu dakika kumi. Baada ya hapo husomwa kilichoandikwa, kikiwa kibichi. Msomi aliyezoea kuchambua kazi zilizokamilika huona shida kubwa hapa, pengine kubwa kuliko mtu asiye na elimu ya fasihi, kwani amefundishwa kwamba kazi mbovu haisemwi bali hukataliwa. Hapa kazi mbovu ndiyo malighafi. Wanafunzi wa fasihi wanaosikia habari hizi wasidhani kwamba shahada yao itawasaidia. Kwa siku mbili za kwanza huenda ikawa mzigo.

Jambo ambalo wageni wa nyumba hizo hulikumbuka kuliko mazoezi ni jiko. Hakuna mpishi wa chakula cha jioni. Washiriki hugawanywa katika makundi madogo, kila kundi hupewa siku yake, na vyakula pamoja na maelezo ya mapishi huwa vimewekwa tayari. Mtu wa Pwani anaweza kucheka: mwanamke aliyelikimbia jiko la nyumbani anakutana na zamu ya jiko la ugenini! Lakini zamu hiyo humfikia mara moja tu katika juma, na upande wa pili wa karai la vitunguu amesimama mwanamume ambaye naye ni zamu yake. Hesabu hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa kitandani. Ugonjwa ndio uliomtua mizigo ya nyumba. Swali la nani anapika wakati mwanamke anaandika halijapata uchunguzi wa kutosha katika historia ya fasihi ya Kiswahili, na bila shaka lingeeleza sehemu ya uchache wa riwaya zilizoandikwa na wanawake katika miongo ya kwanza baada ya uhuru.

Jiko pia hufanya kazi ambayo darasa haliwezi. Watu waliomenya viazi pamoja hawawezi kuogopana sana usiku. Aliyesomewa vibaya saa nne asubuhi hupewa kisu na karoti saa kumi na moja, na mazungumzo huendelea kwa sauti nyingine. Hayo ndiyo maongezi ya barazani, na ustadi mwingi wa washairi wa Lamu na Mombasa ulipita kwa njia hiyo hiyo. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyezaliwa Matondoni, Lamu, mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, hakupata elimu ya ushairi kwa kuhudhuria mihadhara. Alilelewa na bibi yake aliyekuwa mjuzi wa tungo, akazisikia hadi zikamwingia. Ndiye aliyekuja kuipa lugha neno runinga. Aliyekulia katika nyumba yenye maneno hakosi ujasiri wa kuyafinyanga.

Angela Carter na Pat Barker

Je, uandishi hufundishika? Hoja hii imejadiliwa mpaka ikachosha, na pengine imekosewa tangu kuulizwa. Tukio moja lililotokea katika kozi ya Arvon linaielekeza upya.

Pat Barker alizaliwa mwaka 1943 Thornaby, mji wa viwanda kaskazini-mashariki mwa Uingereza, akalelewa na nyanya yake. Alisoma hadi chuo kikuu, akawa mwalimu, na alipoanza kuandika riwaya aliandika za watu wa tabaka la kati, wenye adabu na Kiingereza safi. Aliandika tatu, hakuna hata moja iliyochapishwa. Kisha alihudhuria kozi ambayo mwalimu wake alikuwa Angela Carter, mwandishi ambaye kwa kila hali alikuwa tofauti naye: mwenye fantasia, visasili na lugha ya mapambo. Carter hakumfundisha kuandika kama Carter. Aliona katika kurasa za mwanafunzi wake alama za sauti nyingine iliyokuwa imefichwa, sauti ya wanawake wa mitaa ya kule Barker alikotoka, akamhimiza aiandike hiyo. Matokeo yake ni Union Street, kitabu cha maisha ya wanawake saba wa mtaa mmoja wa kimaskini, kilichochapishwa na Virago mwaka 1982. Mwaka 1995 Barker alipata tuzo ya Booker kwa The Ghost Road.

Hapo hakuna fundisho la mbinu. Kuna ruhusa. Barker aliijua lugha ya nyanya yake kabla ya kujua kusoma, lakini elimu yake yote ilikuwa imemwambia kwamba lugha hiyo haiingii kitabuni. Ilihitajika nyumba ya mbali, na mtu mwenye jina, ili aambiwe kwamba huingia.

Kwa wasomi wa Kiswahili, kisa hiki ni cha nyumbani. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 na Kiunguja kikafanywa msingi wa usanifishaji, kila mwandishi amekuwa na Kiswahili viwili: kile cha daftari na kile cha mama. Kwa mwandishi wa Kitanga au wa Mombasa pengo hilo si kubwa. Kwa mwandishi wa Ukerewe, ambaye mama yake husema Kikerewe, ni pana zaidi. Kwa mwandishi wa Lubumbashi ni bonde. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji huo, ulioitwa bado Elisabethville, kwa Kiswahili cha watumishi wa majumbani waliouishi, na andiko hilo likapuuzwa kwa miaka mingi mpaka Johannes Fabian alipolichapisha na kulichunguza mwaka 1990. Lilipokewa kama hati ya kianthropolojia. Ni nani aliyelisoma kama nathari?

Hata Pwani kwenyewe jambo hili halijatulia. Muyaka bin Haji alitunga kwa Kimvita bila kuomba radhi, na Shafi Adam Shafi aliwapa wachukuzi wa bandari ya Zanzibar nafasi ya kusema katika Kuli, riwaya ya mwaka 1979. Lakini mwandishi chipukizi wa leo, anayejua kwamba kitabu chake kitauzwa tu kikiteuliwa kwa shule, hujihariri kabla mhariri hajamfikia. Huyafuta maneno ya kwao kwa hofu kwamba mwanafunzi hatayaelewa, au mkaguzi hatayapenda. Mwisho huandika Kiswahili ambacho hakuna mtu anayekisema akiwa na hasira. Mtu huyo hana haja ya kufundishwa maana ya mhusika mkuu. Ana haja ya Angela Carter wake.

Mji, shamba na kifungo

Nyumba za Arvon ziko mashambani kwa sababu Waingereza, tangu Wordsworth alipohamia Grasmere mwaka 1799, wamekuwa na imani kwamba maneno huota vizuri penye miti. Fasihi ya Kiswahili haina imani hiyo. Uungwana ulikuwa mjini: Pate, Lamu, Mombasa, Unguja. Shamba lilikuwa mahali pa kazi, na kwa muda mrefu kazi ya watumwa, hata mtu asiyejua adabu za mji akaitwa mshamba. Mshairi alitunga ndani ya nyumba ya mawe, msikitini au barazani, masikio yake yakiwa karibu na ya wapinzani wake. Upweke wa msituni ungemnyima malumbano, na bila malumbano nusu ya diwani ya Muyaka isingekuwapo.

Tena shamba la Mwafrika Mashariki wa leo halina ukimya. Anayerudi kijijini kwao ili aandike atakuta wagonjwa wa kutembelewa, msiba, mchango wa harusi, na mjomba aliyekuja na hati za kiwanja. Kwa hiyo kinachotafutwa si kijiji bali ugeni: mahali ambapo mtu hana ukoo. Kwa Mzungu wa London mahali hapo ni Devon. Kwa mtu wa Temeke panaweza kuwa Lushoto, lakini panaweza vilevile kuwa ghorofa ya tatu mtaa wa pili, mradi simu imezimwa.

Hapana budi pia kukumbuka kwamba baadhi ya kazi kubwa za Afrika Mashariki zimeandikwa katika upweke ambao hakuna aliyeuomba. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wa kisiasa, akakaa miaka mitatu, sehemu kubwa peke yake, akaandika mashairi yake kwenye karatasi za chooni. Sauti ya Dhiki ilichapishwa mwaka 1973. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya ya Kikuyu kwa karatasi za namna hiyo hiyo katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Wapo wanaozitumia habari hizi kusema kwamba mwandishi wa kweli hahitaji nyumba. Hoja hiyo ni ya kikatili. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa Bilal alivumilia jiwe kifuani, waumini wote wabebe mawe. Kitabu kilichotoka gerezani ni ushindi wa mtu mmoja, wala si mpango wa kulea fasihi.

Nani anaalikwa, kwa lugha gani

Afrika Mashariki haikukosa mikutano ya waandishi. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, na sifa ya kualikwa ilikuwa kuandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert alikuwa hai mwezi huo ulipoanza; alifariki kabla haujaisha. Ngũgĩ, aliyekuwapo kama mwanafunzi, aliandika miaka mingi baadaye kwamba kwa masharti yale Shaaban hakuwa na sifa ya kuingia. Karani huyo, aliyeanza kazi ya serikali mwaka 1926 na kuandika maisha yake yote pembeni ya majukumu ya ofisi, hakupata kupewa hata juma moja la nyumba ya mtu mwingine.

Hali haijabadilika kwa kasi inayotarajiwa. Tuzo ya Caine, iliyo kubwa kwa hadithi fupi za Waafrika, imekuwa ikiandaa kambi za uandishi katika nchi mbalimbali za Afrika tangu mwaka 2003. Mwaka 2017 kambi ilikuwa Tanzania, na mkusanyiko uliotokana nayo ukaitwa The Goddess of Mtwara. Jina la mji wa kusini, jalada la Kiingereza. Hadithi zenyewe zina thamani yake, na hakuna haja ya kuwalaumu waliozitunga. Kambi ilikuwa ya tuzo ya Kiingereza. Lakini watu walikusanyika kuandika hadithi katika nchi yenye mamilioni ya wasomaji wa Kiswahili, na kazi ikafanyika kwa lugha nyingine. FEMRITE, chama cha wanawake waandishi wa Uganda, nacho kimewahi kuwakalisha pamoja waandishi wanawake wa nchi kadhaa. Huko pia Kiingereza ndicho kilichotawala meza.

Upande wa Kiswahili pana vitu viwili vya kuhesabika. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umewafunza waandishi na wachoraji, na kwa hilo unastahili shukrani. Lakini shabaha yake ni kitabu cha mtoto, nacho kina mipaka yake. Tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imefungua mlango kwa miswada ya riwaya na mashairi ya Kiswahili. Ila tuzo hupokea mswada uliokwisha kupona. Mswada unaougua, wenye sura sita nzuri na ya saba iliyokufa, hauna pa kupelekwa. Wachapishaji wengi hawana mhariri wa kukaa nao, walimu wa vyuo wana mitihani ya kusahihisha, na rafiki husifu kwa kuwa ni rafiki. Idadi ya riwaya za Kiswahili zilizofia katika sura ya saba haijulikani, maana hazikuacha kaburi.

Katika mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga milango, Arvon ilihamishia mafunzo yake kwenye intaneti. Wapo waliofaidika, hasa wagonjwa, walezi na watu wa mbali, na kwa Kiswahili, ambacho wasomaji wake wametawanyika kutoka Goma hadi Muscat, njia hiyo ina uzito wake. Lakini hakuna karai la vitunguu katika kioo cha kompyuta.

Usiku wa Ijumaa

Imebaki Ijumaa. Baada ya chakula, washiriki huketi kwa duara, mara nyingi karibu na moto au katika ghala la zamani, na kila mmoja hupewa dakika chache. Hakuna mshindi. Aliyekuja akiwa na riwaya nzima husoma ukurasa mmoja. Aliyekuja bila kitu husoma beti mbili alizozipata alasiri ile. Wengine mikono huwatetemeka kiasi kwamba karatasi husikika.

Kwa Kiswahili usiku huo ungekuwa na sura nyingine, na waandalizi wangelazimika kujua hivyo mapema. Shairi la arudhi halisomwi kwa kukaa. Hughaniwa, na kila pwani ina mahadhi yake. Msikilizaji haketi kimya mpaka mwisho. Huitikia, hurudia kituo, na akiguswa hutoa neno. Mshairi wa guni angesoma baada ya mshairi wa vina, na ule ugomvi uliozuka katika miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, ungeingia chumbani bila kualikwa. Aachwe aingie. Lakini kabla ya hapo ingebidi mtu awe amesema, Jumatatu usiku, kwamba kila mmoja asome kwa Kiswahili cha kwao, na kwamba asiyeelewa neno aulize mwisho, si katikati. Mwanamke wa Lubumbashi na kijana wa Siu wakisikilizana hadi mwisho, bila mmoja kumsahihisha mwingine, hilo lingekuwa jambo ambalo hakuna kamati iliyowahi kulifanya.

Jumamosi asubuhi hutolewa mashuka vitandani. Watu hubadilishana anwani, na wengi wao hawataandikiana. Kurasa zilizoachwa kwenye meza hukusanywa na kutupwa, isipokuwa kama mwenyewe atapiga simu. Jikoni huhesabiwa visu. Jumatatu alasiri kundi jingine hufika, na orodha ya zamu hubandikwa upya ukutani.